Maswali ya Wasomaji: Kupima Uangavu wa Maji ya Maziwa na Vijito

Tangu tuchapishe makala kuhusu wananchi wanaojitolea kupima uangavu wa maji katika maziwa na vijito, barua za wasomaji hazijakoma. Zile zinazofanana tumeziunganisha, na nafasi kubwa tumezipa zinazouliza mambo ambayo yakikosewa huharibu kazi ya miaka mingi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanashangaa kwamba kisahani kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi na kufungwa kamba kinaweza kuitwa chombo cha sayansi. Je, wataalamu wenye maabara wanavihitaji kweli vipimo vya namna hii, au wanatutia moyo tu?

JIBU: Wanavihitaji kweli, Mwalimu, na wanafunzi wako wanastahili kujua kwa nini. Mwaka 1865 Angelo Secchi, kasisi wa Kiitaliano aliyekuwa pia mtaalamu wa falaki, alisafiri katika meli ya Papa kwenye Bahari ya Mediterania na kushusha majini visahani vya ukubwa na rangi mbalimbali. Alichunguza kwa makini ni mambo gani yanayofanya kisahani kionekane au kipotee machoni: kimo cha jua angani, kivuli cha meli, rangi ya kisahani chenyewe, na hali ya maji. Kutokana na kazi hiyo tumerithi kipimo kinachobeba jina lake. Katika maziwa hutumika zaidi kisahani chenye kipenyo cha sentimita 20, kilichogawanywa robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi. Baharini hutumika zaidi kisahani cheupe kitupu, na huwa kikubwa zaidi. Kina ambacho kisahani hutoweka machoni ndicho kipimo.

Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba hakijabadilika. Mashine za maabara hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na matokeo ya mashine mpya hayalingani daima na ya ile ya zamani, lakini kisahani kilichoshushwa miaka hamsini iliyopita na kinachoshushwa leo vinaweza kulinganishwa bila shida kubwa. Katika Ziwa Tahoe, nchini Marekani, watafiti wamekuwa wakishusha kisahani tangu miaka ya 1960. Wastani wa mwaka 1968 ulikuwa zaidi ya mita 31, na mwaka 2017 ulikuwa umeshuka hadi kama mita 18. Bila mfululizo huo wa vipimo, ubishi kuhusu ziwa hilo ungebaki kuwa wa kumbukumbu za wazee dhidi ya matumaini ya wawekezaji.

Sababu ya pili ni uchache wa wataalamu. Hakuna serikali yenye watumishi wa kutosha kufika kila ziwa mara kwa mara. Huko Marekani, majimbo kama Maine na Minnesota yalianza kuwatumia wananchi wanaojitolea mapema katika miaka ya 1970, na mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliokusanya vipimo vya wananchi kutoka maziwa zaidi ya 3,000 katika majimbo manane. Hakuna kikundi cha watafiti ambacho kingeweza kupata takwimu hizo kwa mikono yake. Hata picha za setilaiti, ambazo sasa hutumika kukadiria uangavu wa maelfu ya maziwa kwa pamoja, hulinganishwa kwanza na vipimo vya watu waliokuwa ndani ya mashua siku zilezile setilaiti ilipopita. Waambie wanafunzi wako kwamba setilaiti yenyewe inasahihishwa na kisahani chao.

Nao wakitaka hesabu, wape ya Robert Carlson. Mwaka 1977 mtaalamu huyo alipendekeza mizani ya kuonyesha ni kwa kiasi gani ziwa limerutubika na kujaa mwani, na katika mizani hiyo kila uangavu unapopungua kwa nusu, alama hupanda kwa 10. Mita 4 ni alama 40, mita 2 ni 50, na mita 1 ni 60. Maana yake ni kwamba ziwa lililotoka mita 2 likafika mita 1 limebadilika sana kuliko lililotoka mita 9 likafika mita 8, ingawa yote mawili yamepoteza mita moja. Jambo hilo ni zuri kwa somo la logariti.

SWALI: Katika kikundi chetu watu wawili wakipima mahali pamoja siku moja, matokeo yao hutofautiana kwa karibu sentimita 30. Tumeanza kulaumiana. Tufanye nini ili kipimo kiwe sahihi?

JIBU: Acheni kulaumiana kwanza. Macho ya binadamu hayafanani, na tofauti ya sentimita 30 kwenye kina cha mita 6 ni ndogo. Ingekuwa kwenye kina cha sentimita 60, hapo ingekuwa nusu ya kipimo chote, na mngekuwa na haki ya kuhangaika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tofauti za namna hii hutokana na utaratibu, na utaratibu unaweza kurekebishwa.

Pimeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati jua liko juu, kwa maana miale inayoingia kwa mshazari huakisiwa zaidi na uso wa maji na kulifanya jicho lidanganyike. Fungeni nanga ili mashua isisukumwe na upepo. Kamba ikienda upande badala ya kwenda wima, mtaandika kina ambacho hakipo. Mpimaji avue miwani ya jua, kwa kuwa vioo vyake huondoa sehemu ya mng'ao na kubadilisha kile anachokiona, na kisahani kishushwe upande wa mashua wenye kivuli. Yapo makundi machache yanayopima upande wa jua, na hilo si kosa mradi wafanye hivyo siku zote. Kosa ni kupima kivulini leo na juani juma lijalo.

Kisahani kishushwe polepole hadi kitoweke, na hapo kamba itiwe alama kwenye usawa wa maji kwa kibanio cha nguo. Kisha kishushwe kidogo zaidi, kipandishwe taratibu mpaka kionekane tena, na alama ya pili itiwe. Wastani wa alama hizo mbili ndio kipimo. Wengi huiacha hatua ya kupandisha kwa sababu ya haraka, na hapo ndipo tofauti zenu zinapoweza kuzaliwa: anayesema kisahani kimetoweka mapema na anayekifuata kwa macho hadi chembe ya mwisho hukaribiana sana wanapolazimika kuamua pia ni lini kimerudi.

Chunguzeni na kamba yenu. Kamba za pamba hunywea au kurefuka zikiloa, na kamba iliyotiwa alama ikiwa kavu inaweza kuwa inawadanganya nyote kwa pamoja, jambo ambalo ni baya kuliko kutofautiana. Tumieni kamba isiyonyumbuka, na kabla ya kila msimu ilinganisheni na futi ya kupimia ikiwa imeloa.

Mahali pa kupimia pawe palepale, kwa kawaida penye kina kikubwa zaidi ziwani, na mpajue kwa kutazama vitu viwili vya kudumu ufukweni vinavyopangana mstari mmoja, au kwa simu yenye ramani. Mara moja kila majuma mawili inatosha kwa maziwa mengi. Andikeni saa, upepo, mawingu, mawimbi, rangi ya maji na jina la aliyepima. Jina hilo si la kutafutia mkosaji. Mtu mmoja akipima mahali pamoja kwa miaka mingi, upekee wa macho yake hubaki uleule na badiliko la ziwa huonekana bila kufichwa. Siku anapompokeza mwenzake, wawili hao wapime pamoja kwa muda ili tofauti yao ijulikane na iandikwe daftarini.

Jambo la mwisho katika hili, nalo tunalisema kwa msisitizo: msirekebishe namba kwa sababu haikupendeza. Tumeona daftari ambamo kila kipimo kililingana na kilichotangulia kwa namna isiyo ya kawaida, na ilikuwa dhahiri kwamba mwandishi alikuwa akiona haya kuandika kitu tofauti na mara iliyopita. Ziwa hubadilika. Kipimo cha ajabu kirudiwe palepale, na kikibaki vilevile kiandikwe kama kilivyo, pamoja na maelezo.

SWALI: Sisi tunapima kijito, si ziwa. Kisahani chetu hugonga chini kila mara kabla ya kutoweka, nasi tumekuwa tukiandika kina cha kijito kama kipimo. Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa. Kisahani kinachoonekana kikiwa kimelala chini kinawaambia tu kwamba uangavu ni zaidi ya kina hicho, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuandikwa, iwe ni kijitoni au ziwani. Mkiandika kina kitupu, atakayesoma takwimu zenu atadhani kwamba maji yamechafuka kila mara kijito kinapopungua wakati wa kiangazi.

Kwa vijito hutumika mrija mrefu wa plastiki angavu, wa urefu wa sentimita 60, 100 au 120, wenye kisahani kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe kwenye kitako chake. Mrija hujazwa maji, mpimaji huupa jua mgongo ili mrija uwe kivulini mwa mwili wake, hutazama kutoka juu, kisha hufungua bomba dogo lililo chini na kuyaacha maji yatoke kidogo kidogo hadi alama zionekane. Urefu wa maji yaliyobaki ndio kipimo. Kama alama zinaonekana mrija ukiwa umejaa, andikeni kwamba ni zaidi ya urefu wa mrija. Maji yachotwe katikati ya mkondo, mchotaji akielekea kule maji yanakotoka, ili tope analolitimua kwa miguu lisiingie katika chombo chake; na yakorogwe kabla ya kumiminwa, kwa sababu mchanga hutuama upesi. Huko New Zealand wameendeleza njia nyingine ya kupendeza, ya kutazama kisahani cheusi kwa mlalo ndani ya maji kupitia kioo maalumu, nayo hufaa kwa vijito vyenye maji maangavu ambavyo mrija hushindwa kuvitofautisha.

Kijito kina tabia ambayo ziwa halina: hali yake inaweza kugeuka kabisa ndani ya saa moja. Sehemu kubwa ya udongo unaosafirishwa na kijito kwa mwaka mzima hupita katika siku chache za mvua kubwa, kwa hiyo kikundi kinachopima siku za jua tu kitaandika habari njema zisizo za kweli. Pimeni siku za kawaida kwa ratiba, na mwongeze vipimo baada ya mvua. Lakini hakuna namba yenye thamani ya maisha ya mtu. Maji yakiwa yamefurika msiingie. Chota ukiwa ufukweni au darajani kwa ndoo yenye kamba, na kama hata hapo pana hatari, andika daftarini kwamba haikuwezekana kupima kwa sababu ya mafuriko. Hayo nayo ni maelezo yenye faida. Katika maeneo yenye kichocho, mpimaji avae buti ndefu za mpira na glavu, na asisimame majini bila sababu.

SWALI: Maji yetu yanapimwa kuwa na uangavu mkubwa sana. Je, tunaweza kuwatangazia watu kwamba ni salama kwa kunywa?

JIBU: Hapana, na tafadhali msifanye hivyo kamwe. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na madini ya aseniki au naitreti iliyozidi haviyatii maji rangi yoyote. Katika nchi za Skandinavia yalikuwapo maziwa yaliyozidi kuwa maangavu kwa sababu mvua yenye asidi ilikuwa imeua viumbe vyake. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kome wageni walioenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 waliyachuja maji yakang'aa, lakini walikuwa wakila chakula cha viumbe wengine. Vilevile yapo maji ya rangi ya kahawia yasiyo na kasoro yoyote, yaliyopata rangi hiyo kwa majani na mizizi iliyooza katika vinamasi.

Upande mmoja tu uangavu unahusika moja kwa moja na unywaji: maji yenye tope huzikinga bakteria zisifikiwe na klorini wala mwanga, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji yatakayotiwa dawa yawe na kiwango cha tope kilicho chini ya 1 katika NTU, kizio cha kupimia ukungu wa maji.

SWALI: Katika ziwa letu kipimo kilishuka kutoka karibu mita 3 hadi mita moja na nusu ndani ya majuma machache. Wenzangu wanataka tuandike barua ya kulituhumu shamba kubwa lililoko kwenye kijito kinachoingia ziwani. Je, ushahidi wetu unatosha?

JIBU: Mna ushahidi wa kutosha kwamba jambo limetokea, lakini hamna bado ushahidi wa nani amelisababisha. Kisahani hakitofautishi tope na mwani, wala hakijui tope limetoka wapi. Upepo mkali unaweza kuchimbua matope katika ziwa lenye kina kifupi. Badiliko la joto la maji linaweza kulichanganya ziwa kutoka chini hadi juu na kurudisha juu virutubisho vilivyokuwa vimetuama. Na maziwa mengi huwa na majuma yake ya mwani kila mwaka. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: mwaka jana, katika majuma haya haya, kipimo kilikuwaje? Kama hamna vipimo vya mwaka jana, tuhuma yenu ni changa sana.

Anzeni na rangi. Maji ya rangi ya udongo huashiria mmomonyoko, na chanzo kitafutwe kwenye mashamba, barabara za vumbi, machimbo au kingo zilizobomoka. Maji ya kijani huashiria mwani, na mwani hulishwa na fosforasi na naitrojeni, ambazo huweza kutoka shambani, lakini pia kwenye vyoo, mifereji ya maji taka au mifugo inayonywea ufukweni. Mkiona utando mzito wa kijani unaofanana na rangi ya nyumba iliyomwagika, msiuguse, wazuieni watoto na wanyama wasiukaribie, na mtoe taarifa siku hiyohiyo kwa mamlaka ya maji au ya afya, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa kijani-buluu hutoa sumu.

Baada ya rangi, panda kijito. Pimeni kwa mrija juu ya shamba na chini ya shamba, siku moja, ndani ya saa moja, na mrudie siku kadhaa, baadhi yake zikiwa za mvua. Kama maji ni maangavu juu na yana tope chini, kila mara, hapo mmekaribia ukweli. Kama yana tope hata juu ya shamba, mtakuwa mmejiepusha na kumtuhumu jirani asiye na hatia, na mtakuwa mmepata sababu ya kupanda zaidi. Kisha iombeni maabara ya umma ipime fosforasi katika sehemu hizo mbili. Barua itakayoandikwa baada ya hapo itakuwa na uzito, na tungependa iandikwe bila woga.

Upo mfano wa kutia nguvu. Ziwa Washington, lililo kando ya mji wa Seattle, lilipokea kwa miaka mingi maji taka yaliyokwisha kusafishwa lakini yakiwa bado na fosforasi nyingi. Mtaalamu W. T. Edmondson alifuatilia ziwa hilo na kueleza mapema kwamba mwani ungezidi. Kati ya mwaka 1963 na 1968 maji taka yalielekezwa kwingine kwa hatua, na uangavu wa majira ya joto, uliokuwa umefika kama mita 1 tu, ulipanda hadi kama mita 3 katika miaka michache. Kisha katika mwaka 1976 uliongezeka tena ghafla, bila mtu kujenga chochote, kwa sababu viumbe wadogo mno wanaoitwa dafnia, ambao hula mwani, walikuwa wameongezeka sana. Kama angepima kwa mwaka mmoja au miwili, Edmondson asingeweza kutenganisha kazi ya binadamu na kazi ya dafnia.

SWALI: Watoto wanaweza kushiriki?

JIBU: Ndiyo, chini ya uangalizi wa mtu mzima, na kila aliyemo mashuani, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kuokolea. Macho ya watoto ni mazuri, nao huandika kwa uaminifu kuliko watu wazima wengi.

SWALI: Kikundi chetu kilianza na hamasa kubwa, lakini sasa tumebaki wachache. Takwimu tunazozipeleka katika ofisi inayohusika hazijibiwi. Tuendelee kwa ajili ya nani?

JIBU: Barua hii imetugusa, kwa kuwa uchungu wake ni wa haki. Watu waliotoa muda wao wanastahili angalau jibu la mistari miwili.

Kuhusu uchache wenu, punguzeni vituo, msipunguze ratiba. Kituo kimoja kinachopimwa kila majuma mawili bila kukosa kina faida kuliko vituo sita vinavyopimwa siku watu wanapopata nafasi, na kila kituo kiwe na mpimaji wa akiba aliyekwisha kufundishwa, ili ugonjwa au safari ya mtu mmoja isikate mfululizo.

Kuhusu ofisi, badala ya kupeleka jedwali tupu, pelekeni ukurasa mmoja wenye mchoro wa vipimo vya miaka yote na swali moja linalohitaji jibu, kwa mfano: kwa nini uangavu umepungua katika kila mwezi wa mvua tangu barabara mpya ilipojengwa? Ofisi hupata shida zaidi kulinyamazia swali kuliko kulinyamazia jedwali. Kumbusheni pia kwamba kila nchi iliyoridhia Malengo ya Maendeleo Endelevu ina kiashiria namba 6.3.2 cha kutolea taarifa, kinachohusu uwiano wa vyanzo vya maji vyenye ubora mzuri, na kwamba nchi nyingi zina upungufu wa takwimu za kukijaza.

Wala ofisi hiyo si msomaji wenu pekee. Upo mpango wa kimataifa uitwao Secchi Dip-In, ulioanzishwa mwaka 1994 na Carlson yuleyule tuliyemtaja, ambao hupokea vipimo kutoka kwa watu wa kujitolea wa nchi yoyote, hasa mwezi Julai, na kuvihifadhi hadharani. Wekeni vyenu huko, na nakala ya daftari ikae mahali pawili tofauti, mbali na mashua na mbali na maji. Siku ofisi itakapoomba takwimu, mpeni mwombaji daftari lote, pamoja na kurasa ndefu za majuma ambayo hapakuonekana badiliko lolote, kwa sababu bila kurasa hizo hataweza kujua badiliko lilianza lini.